Kay Koplovitz na fedha za pande mbili

Kila ninapokutana na habari za Kay Koplovitz, anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza mtandao wa televisheni nchini Marekani. Ni kweli, na ni jambo kubwa, ila sifa hiyo imeifunika kazi yenyewe. Naona ni dhuluma kumkumbuka mtu kwa kiti alichokalia bila kueleza alichokifanya alipokikalia.

Alizaliwa mwaka 1945 mjini Milwaukee. Mwaka huohuo Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza, alichapisha makala akieleza kwamba setilaiti iliyowekwa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, ingezunguka sambamba na dunia hata ionekane imetulia mahali pamoja. Mwaka 1966 Koplovitz, akiwa bado mwanafunzi, alimsikiliza Clarke jijini London akilifafanua jambo hilo, na halikumtoka tena: tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ilihusu setilaiti. Wakati huo televisheni ya kebo ilikuwa kwa sehemu kubwa waya wa kuwafikishia watu wa mabondeni picha za vituo ambavyo antena zao hazikuweza kuvinasa.

Ilimbidi asubiri. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1975, HBO, chaneli ya kulipia, iliwarushia wateja wa kebo kwa setilaiti pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililopiganwa Manila, na Koplovitz alikuwa miongoni mwa waliolinadi tukio hilo kwa umma. Wapenzi wa ndondi wanakumbuka jinsi kocha Eddie Futch alivyomzuia Frazier asiingie raundi ya 15. Watu wa kebo walikumbuka jambo jingine, kwamba chaneli moja sasa ingeweza kuifikia nchi nzima bila kusimamisha minara kila mji.

Mwaka 1977 akaanzisha chaneli ya michezo ya Madison Square Garden, ambayo mwaka 1980 ilipewa jina la USA Network. Hapa ndipo penye kazi ninayotaka ikumbukwe. Mitandao mikubwa ya televisheni, ABC, CBS na NBC, iliishi kwa matangazo ya biashara, na HBO iliishi kwa ada ya watazamaji. Koplovitz alitaka zote mbili: auze matangazo, na papo hapo kampuni za kebo zimlipe kiasi kidogo kila mwezi kwa kila nyumba iliyounganishwa. Wenye kebo walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini wailipie chaneli ambayo tayari inavuna kwa watangazaji, na kuwashawishi kulihitaji subira na hesabu. Matangazo hupungua uchumi unapoyumba au kipindi kinapokosa watazamaji, lakini ada ya mwezi huingia vilevile. Na mwenye uhakika wa fedha za mwezi ujao anaweza kuthubutu kununua haki za kuonyesha mechi za besiboli, mpira wa kikapu na hoki, kama alivyofanya. Chaneli nyingi za kebo zilizofuata zilisimama juu ya msingi huohuo.

Tarehe 24 Septemba 1992 akaongeza Sci-Fi Channel, ya hadithi za kisayansi.

Kisha wenye mali wakagombana. Kampuni za burudani Universal na Viacom, zilizomiliki chaneli hizo nusu kwa nusu, zilifikishana mahakamani. Mwaka 1997 sehemu ya Viacom ikanunuliwa kwa dola bilioni 1.7, na baada ya muda mfupi chaneli zikaingia mikononi mwa Barry Diller, mfanyabiashara wa vyombo vya habari. Mwaka 1998 Koplovitz akaondoka, baada ya miaka 21. Linaniuma kwamba aliyeijenga nyumba hakuwa mwenye hati yake.

Ndiyo maana naipa uzito mkubwa hatua iliyofuata, ingawa wengi huigusia kwa sentensi moja tu. Mwaka 2000 alishiriki kuanzisha Springboard Enterprises, taasisi inayowaandaa wanawake wenye kampuni changa kukabili wawekezaji na kutafuta mtaji wa kukuza biashara zilizo zao wenyewe.