Siku moja kibandani kwangu: fundi wa deki za video, Kariakoo

Nikisema natengeneza deki za video, watu wanauliza "kwani bado zipo?" Zipo. Ziko makabatini, chini ya vitanda, stoo kwa bibi, na pembeni yake kuna kanda za harusi, za kipaimara, za misiba, ambazo hazina kopi nyingine popote. Naandika siku yangu ilivyokwenda ili mjue hela ya fundi inatoka wapi.

Saa 11 alfajiri nimeamka, foleni ya Mbagala mnaijua wenyewe, saa 2 nshafungua. Nimefagia, nimekunywa chai, nimepanga bisibisi. Dada mmoja akaleta deki ya kutoka Marekani, ya volti 110, kaichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230, pawasapulai imeungua. Nimeipokea, inasubiri zamu yake.

Saa 3 akaingia kaka mmoja na deki kaifunga kwenye shuka. Ndani imenasa kanda ya harusi ya wazazi wake, 1991. Vijana hamtajua, lakini Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, sisi Bara tumeanza kuiona 1994, kwa hiyo mtu aliyekuwa na deki na TV huku kwetu miaka ile alikuwa anaangalia kanda tu, basi. Mzee wake alikuwa mmoja wao.

"Fundi, ivute tu itoke, nina haraka, gari nimeliacha vibaya."

Haivutwi kaka yangu. Ukiingiza kanda kwenye deki kuna vinguzo viwili vinaivuta kutoka kwenye kaseti na kuizungushia ile ngoma ya hedi, yaani vile vidude vinavyosoma picha kwenye kanda, kwa juu inatokea kama herufi M. Kwa hiyo kanda iliyonasa imeshazunguka ndani kote, na yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Ukivuta unaikunja, na mkunjo ule utauona kwenye picha milele. Na tayari kuna mtu kule mtaani kwao alishajaribu kuivuta kwa koleo, ukingo wa kanda umechanika kidogo, nilivyoona roho iliniuma kweli.

Nikamtajia elfu 60 pamoja na kuhamishia kwenye fleshi. "Elfu 60? Fundi, si nanunua deki mpya ya DVD!" Atanunua, sawa, lakini deki ya DVD itamwonyesha mama yake akiingia ukumbini? Tumebishana hapo mpaka wateja wengine wawili wameondoka. Mwisho kaacha elfu 20, kaenda, na kila baada ya muda simu, "fundi bado?", "fundi si ulisema mchana?", sikusema mchana mimi.

Nimefungua juu na chini. Unaitafuta giya ya ile mota inayosogeza vinguzo, unaizungusha kwa kidole, taratibu mno, vinguzo vinarudi nyuma, na mkono wa pili unazungusha gurudumu la kaseti ili kanda iliyolegea iingie ndani bila kujikunja. Ukiwahisha mkono mmoja tu umeharibu. Shingo inauma, jasho linataka kudondokea kwenye ngoma, na hapo ndo umeme ukakatika. Nikaendelea na tochi ya simu nimeibana kwa meno, na simu yenyewe inaita, ni yeye.

Kaseti ikatoka. Ugonjwa nikauona: kile kirola cha raba kinachozungusha magurudumu kimekauka, kinateleza. Kanda inasukumwa mbele, gurudumu la kuipokea halizunguki, inamwagika ndani, hiyo ndo mnaita deki imekula kanda. Spea mpya hakuna, kampuni ya Funai ya Japani ndo walikuwa wa mwisho kuunda deki hizi na waliacha Julai 2016. Nina mashine mbovu nazichinja, nikatoa kirola kizima humo.

Chakula cha mchana nimekula saa ngapi sijui, wali umeshapoa.

Halafu ukungu. Joto la Dar na unyevu, kanda ikikaa kabatini inaota unga mweupe ukingoni, na ule unga ukiingia kwenye hedi unapata chenga tupu. Nimefungua kaseti, nimefunga barakoa, nimeipitisha kanda kidogo kidogo kwenye kitambaa laini mpaka mwisho. Kisha ngoma ya hedi. Inazunguka mara 1500 kwa dakika ikiwa kazini na vile vihedi vimechomoza kidogo tu, huwezi hata kuvihisi kwa kidole. Unalowesha karatasi nyeupe kwa spiriti, unaishika imetulia kwenye ngoma, unazungusha ngoma kwa mkono. Usisugue juu chini, hata siku moja, unavunja hedi, na pamba usiweke, nyuzi zinanasa. Karatasi ilitoka nyeusi, nikabadilisha mpaka ikatoka nyeupe.

Umeme ulivyorudi nimejaribu na kanda yangu kwanza, ya mteja haingii mpaka mashine inyooke. Chenga kidogo chini ya picha, nikarekebisha treki, ile inayofanya hedi zifuate mistari ya picha kwenye kanda, ikatulia. Ndo nikaweka ya harusi. Tarumbeta zikalia, gari limepambwa maua, bibi harusi anashuka, mama lishe wa jirani akaacha sufuria akaja kuangalia.

Kaka akapiga tena, "ukishaiweka si ni dakika tano tu kukopi?" Hapana. Kanda ya dakika 180 inacheza dakika 180, hakuna mashine duniani ya kuiharakisha kwa namna hii ninayofanya, na mimi siondoki, kila inapoyumba lazima niiguse treki. Majirani wamefunga, mbu wanauma, niko macho kwenye skrini.

Saa 4 kasoro usiku akaja na mama yake. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, pole na kazi." Akakaa kwenye stuli, akaangalia kipande cha mwisho chote bila kusema kitu, halafu akamwambia mwanae, mlipe fundi. Kalipa elfu 40 yote, na mama kaniambia nyumbani zimebaki kanda nyingine, ipo ya msiba wa baba yake. Nimemwomba asizichomeke kwenye deki yoyote, alete kama zilivyo, nitaanza na ukungu.