Harbin na Dada: Mji Unaojengwa kwa Maji

Dada yangu mkubwa ni fundi ujenzi. Fundi hasa, wa kushika timazi na pimamaji, na siku hizi ndiye anayesimamia mafundi wenzake. Aliponiambia atakuja kunitembelea Shenyang, ninakosoma, wakati wa likizo ya Januari, sikuhangaika kutafuta pa kumpeleka. Ni Harbin tu. Theluji iko kila mahali kaskazini mashariki mwa China, lakini nilitaka aone watu wanaosimamisha kuta, ngazi na minara kwa barafu ya mtoni.

Treni ya mwendo kasi huchukua zaidi kidogo ya saa mbili. Reli yenyewe inaanzia Dalian kwenye bahari, kilomita 921 hadi Harbin, na ilifunguliwa Desemba 2012. Dada hakusinzia hata kidogo. Alitazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yakichungulia juu ya theluji, na tulipopita Changchun akanyamaza kabisa. Ndani ya behewa joto lilikuwa la kuvua sweta. Nikamwambia, "Dada, joto hili lisikudanganye. Vaa vyote kabla hatujashuka."

Nje ya stesheni ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Baridi ya kiwango hicho unaijulia puani kwanza: unavuta pumzi, vinyweleo vya ndani vinaganda, unahisi vikishikana. Kisha kope. Mvuke wa pumzi yako mwenyewe unapanda usoni na kugeuka umande mweupe kwenye kope na ukingo wa kofia. Theluji nayo hulia chini ya buti, mlio mkavu ambao husikii baridi ikiwa karibu na sifuri. Dada alitoa simu apige picha, na papo hapo ikazima ingawa chaji ilikuwa imepita nusu, kwa sababu betri za simu hulegea mno kwenye baridi kali. Nikampa vile vifuko vya kubandika juu ya nguo za ndani. Ndani yake mna unga wa chuma. Ukifungua pakiti, chuma kinakutana na hewa, kinapata kutu haraka na kutoa joto kwa saa kadhaa. Alicheka sana. Miaka yote anapigana na kutu kwenye nondo, leo kutu inampasha moto mgongo!

Tulianza na kanisa la Mtakatifu Sophia. Harbin ilikua kutokana na reli ambayo Warusi walianza kuijenga mwaka 1898, na kanisa la kwanza mahali hapo, la mbao, lilijengwa 1907 kwa ajili ya wanajeshi wao. Hili la matofali lilikamilika mwaka 1932. Wageni wengi hupiga picha kuba la kijani na kuondoka. Dada aliuzunguka ukuta wote, akinionyesha jinsi matofali mekundu yalivyopangwa yakaota nakshi yenyewe, bila plasta ya kuficha kasoro. "Huyu mwashi hakuwa na pa kujifichia," alisema. Nilikuwa nimewahi kupita hapo na wanafunzi wenzangu, na sikuwa nimeona hata moja ya mambo aliyonionyesha.

Barabara ya Zhongyang tuliipita kwa mwendo wa miguu, tukikanyaga mawe yaliyopangwa tangu 1924. Pembeni aiskrimu inauzwa kwenye maboksi ya kawaida, bila friji, na watu wananunua. Tukanunua na sisi. Mwisho wa barabara unakutana na mnara wa kumbukumbu ya mafuriko ya 1957, na nyuma yake ndio Mto Songhua.

Dada alisita kuukanyaga. Mbele yetu kulikuwa na watoto wanateleza, farasi wanavuta mikokoteni, watu wazima wanakimbizana, wote juu ya mto. Nilimshika mkono, jambo ambalo kwa kawaida yeye ndiye hunifanyia, tukashuka. Nikamweleza kuwa maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4, kwa hiyo yanayoganda hubaki juu na chini mto unaendelea kwenda zake. Alipiga buti mara mbili tatu, kama anavyojaribu zege jipya, kisha akaniachia mkono.

Mto huo ndio machimbo. Desemba, barafu ikishakuwa nene ya kutosha, wafanyakazi huikata kwa misumeno, huvuta mabonge yake kutoka majini na kuyapakia kwenye malori.

Bustani kubwa ya barafu iko ng'ambo ya mto, na ilianzishwa 1999. Tulifika mchana kwa makusudi, ili dada aone kuta bila taa. Januari jua huzama Harbin kama saa kumi jioni, kwa hiyo muda ulikuwa mfupi. Alivua glovu moja akapapasa maungio. Barafu ya mtoni huganda taratibu na ni angavu. Unaona mkono wa mtu aliye upande wa pili. Fundi mmoja alikuwa akikarabati ngazi kwa patasi, nikamtafsiria swali la dada: mnaunganisha kwa nini? Yule mzee hakujibu. Alichukua birika, akamimina maji kwenye ufa, akaweka kipande, akakishikilia kidogo, akatuonyesha tujaribu kukitoa. Hakikutoka. Dada akauliza tena, na linabomoka lini? Machi, akasema, na Desemba tunaanza upya. Walizungumza kupitia mdomo wangu hadi vidole vyangu vikafa ganzi: mzigo wa ukuta, upana wa chini, namna ya kuangalia unyoofu. Maneno mengine ya ufundi sikuyajua kwa Kichina, wakaelewana kwa mikono.

Giza lilipoingia taa ziliwashwa. Zimepachikwa ndani ya kuta zenyewe, zile za LED zisizotoa joto jingi, na mji mzima ukawa buluu, zambarau na nyekundu kwa pamoja. Watu walipiga kelele. Dada alikuwa ameshageuka, anatazama mteremko mrefu wa barafu wenye foleni isiyoonekana mwisho wake.

"Tunapanga foleni," alisema.

"Dada, ni saa nzima na zaidi, kwenye baridi hii."

"Nimeshajua limejengwaje. Sasa nataka kujua linatelezaje."

Tulipanga. Tulikuwa tukirukaruka pale pale ili damu itembee, tukabadilishana vifuko vya kutu, tukaingia kibandani mmoja mmoja kwa zamu kunywa maji ya moto. Zamu yetu ilipofika alikaa mbele, akaiegemeza miguu, na kabla sijajiweka sawa akajisukuma.