Kumbukumbu ya mradi: kusoma Wikipedia ya Kiswahili ndani ya terminali

Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja tu, niandike "tafuta" afu neno, makala itokee palepale kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) bila kufungua brauza, maana laptop yangu ina ramu ya GB 2 na brauza ikifunguka tu feni inaanza kuunguruma, na bando nalo linaisha kwa picha ambazo wala sikuziomba. Programu za aina hii zipo, wiki-tui kwa mfano ni nzuri kabisa, ila mimi nilitaka inayokijua Kiswahili.

Mwanzo haukuwa mgumu. Wikipedia ina API ya MediaWiki, yaani mlango wa programu kuomba makala, unaiuliza kwa curl (programu ya kutuma maombi mtandaoni) pale sw.wikipedia.org inakurudishia JSON, yaani data iliyopangwa kwa ajili ya mashine, programu ya jq inaichambua, na less inakuonyesha maandishi. Ukiweka neno explaintext kwenye ombi, makala inakuja maandishi matupu. Kwenye matokeo ya kutafuta, kila neno lililopatikana linakuja limefungwa na tagi ya span, alama ya HTML ya kurasa za mtandao, hiyo naipangusa kwa programu ya sed. Kilichonikwamisha siku nzima ni nafasi kati ya maneno: "rufiji" inapita, "mlima meru" inagoma, nikahangaika na alama za nukuu weee, kumbe dawa ni kuiongezea curl -G na --data-urlencode, yenyewe inaigeuza ile nafasi kabla ya kutuma. Nimeweka pia User-Agent (utambulisho ambao programu inautuma kwa seva) yenye jina la mradi na anwani yangu, Wikimedia wanaomba hivyo kwa kila programu na ni haki yao kabisa.

Sasa kilichonifanya nikeshe. Kwa Kiingereza wingi mara nyingi ni ile s ya mwisho, mashine inakata mkia kazi imeisha. Kwetu neno linabadilika kichwani. Nikitafuta mto napata makala nyingine, nikitafuta mito napata nyingine, na mtu anayesoma jiografia anazihitaji zote mbili kwa pamoja. Nikajaribu kuandika kanuni: neno likianza na ki- weka vi-, kitabu na vitabu safi, likianza na m- weka mi-, mto na mito safi, mti na miti safi, afu nikaandika mtu ikanitengenezea "mitu". Hapo nikaacha kanuni. Nikafungua faili la kawaida, kila mstari neno na wingi wake, naandika kwa mkono, na skripti, yaani hii programu yangu ndogo, inaangalia humo kwanza kisha inatafuta "mto OR mito" (OR ni "au") kwa ombi moja.

Ilienda vizuri mpaka nilipofika kwenye ziwa. Wingi wake ni maziwa, na maziwa ndo hayohayo ya kwenye chai, basi nikapata Victoria na Tanganyika zimechanganyika na ng'ombe na jibini! Nikaongeza -ng'ombe ili hizo za ng'ombe ziondoke, zikaondoka kweli, lakini ikaondoka na makala yoyote ya ziwa inayowataja wafugaji wa pembeni yake, yaani nilikuwa naficha kitu cha kweli ili orodha ionekane safi, nikaitoa. Sasa hivi natuma maombi mawili, moja intitle:ziwa na jingine intitle:maziwa (intitle inatafuta kwenye vichwa vya makala tu), nayaunganisha, majina yaliyojirudia programu ya awk inayaondoa, ndo yanafuata matokeo ya kawaida. Inachelewa kidogo lakini maziwa ya maji yanakaa juu.

Jana usiku nimeanza ngeli ya U. Faili lina jozi 212. Ukuta na kuta imekaa, uso na nyuso imekaa, ulimi na ndimi nayo imekaa, na hiyo hakuna kanuni ambayo ingeibahatisha. Zimebaki uzi, wimbo, waraka na wenzao, afu nachukua faili la ZIM la Kiswahili (nakala ya Wikipedia ya kusoma bila mtandao) kutoka Kiwix, mradi unaotoa nakala hizo, niijaribu skripti hiihii bando likiwa limekata.