Nani Amekusikiliza?

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii tukae na kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (r.a.) alisikia kwamba Abdullah bin Amr bin al-As anapita Madina akielekea Hija. Akamwambia Urwa bin Zubeir, mtoto wa dada yake: nenda ukakutane naye, umuulize, kwani amebeba elimu nyingi kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Urwa akaenda, na katika aliyorudi nayo ilikuwamo hadithi hii: Allah haiondoi elimu kwa kuwapokonya watu vifuani, bali huiondoa kwa kuwachukua wanavyuoni, mpaka watu wabaki na viongozi wajinga, wanaoulizwa wakatoa fatwa bila elimu, wakapotea na kuwapoteza wengine.

Bibi Aisha aliiona nzito, hakuipokea papo hapo. Akauliza kwanza: amekwambia kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) mwenyewe akiyasema haya? Kisha akanyamaza. Mwaka uliofuata Abdullah akaja tena, naye akamtuma Urwa: mwendee, anzisha mazungumzo, halafu muulize tena kuhusu ile hadithi ya elimu. Urwa akauliza, na Abdullah akaisimulia vilevile. Hapo ndipo Bibi Aisha aliposema kuwa hamdhanii ila amesema kweli, kwani hakuzidisha wala hakupunguza.

Tazameni alivyopima. Aliuliza chanzo: amesikia mwenyewe au ameambiwa? Akaacha muda upite, mwaka mzima. Akapanga swali lije katikati ya mazungumzo, mtu asipate nafasi ya kujiandaa. Kisha akalinganisha maneno ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Na aliyepimwa ni Sahaba ambaye Bibi Aisha mwenyewe alikwisha kumsifu kwa wingi wa elimu. Kumpima mtu si kumtuhumu. Elimu ya dini ni amana, na amana huhesabiwa wakati wa kupokelewa.

Wanavyuoni wa hadithi waliufanya mwendo huo kuwa fani. Kwao haikutosha mpokezi awe mcha Mungu. Uadilifu ulikuwa sharti moja, na sharti la pili likawa dhabti, yaani uimara wa kuhifadhi, ama kifuani ama katika maandishi yake. Dhabti waliipima kwa kuyalinganisha anayosimulia mtu na ya wapokezi wengine wanaoaminika: akiafikiana nao mara nyingi, hukubaliwa, akiwakhalifu mara nyingi, huachwa hata kama analia usiku katika tahajudi. Walimwogopa sana mtu wa talqini, yule unayemwekea neno mdomoni naye akalikubali kuwa ni lake.

Yahya bin Main, mkaguzi mashuhuri wa wapokezi wa hadithi, alimpima hivyo Abu Nuaim al-Fadhl bin Dukain, mwanachuoni wa mji wa Kufa huko Iraq aliyefariki mwaka 219 Hijria. Ahmad bin Hanbal alikuwapo na alimkataza, akisema mtu huyu ni mwaminifu, hana haja ya kujaribiwa. Yahya hakusikia. Aliandika hadithi 30 za Abu Nuaim, na kila baada ya 10 akapenyeza moja isiyo yake. Zikasomwa 10 za mwanzo, mzee kimya. Ikasomwa ya 11, akasema: hii si yangu, ifute. Ikawa hivyo kwa ya pili na ya tatu, kisha akatambua mtego umetegwa na nani, akampiga Yahya teke mpaka akaanguka. Yahya akasema teke lile lilimpendeza kuliko safari yake yote. Alikuwa amepata alichokitafuta: mtu anayejua kilicho chake, na kisicho chake pia.

Sasa tuje kwenye madrasa zetu. Mtoto anasimama kwenye maulidi au mashindano ya Ramadhani, anasoma Yasin kwa sauti tamu, ukumbi unaitikia Allahu Akbar. Tunasema amehifadhi. Huenda ni kweli. Lakini kusoma kutoka mwanzo wa sura kunaweza kuwa mwendo wa ulimi tu: neno linavuta neno, na akikatizwa njiani lazima arudi bismillahi aanze upya. Walimu wazoefu hawapimi hivyo.

Wao hushika msahafu wenyewe, mtoto hana kitu. Hawapimi siku ileile aliyohifadhi, kwa sababu siku hiyo kila mtu anajua. Husubiri angalau wiki. Humsomea nusu ya aya kutoka katikati ya ukurasa, kisha humwambia: endelea. Msahafu wa Madina una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa huishia mwisho wa aya. Faida yake ni kwamba mtoto huhifadhi pamoja na sura ya ukurasa wenyewe machoni. Hasara yake ni kwamba ukurasa unaanza kwa nguvu na unaishia ukutani: anaifikia aya ya mwisho, anasimama, hajui ng'ambo kuna nini. Kwa hiyo msomee aya ya mwisho ya ukurasa uone kama atavuka. Kwa juzuu moja, ambayo ni kurasa 20 hivi, maswali matano yanatosha: moja la karibu na mwanzo, mawili ya katikati, moja la kuvuka ukurasa, na moja la aya zinazofanana.

Aya zinazofanana ndizo zinazoumbua hifdhi. Katika Suratul An'am (6:151) Allah anakataza kuwaua watoto: min imlaq, nahnu narzuqukum wa iyyahum. Katika Suratul Israa (17:31): khashyata imlaq, nahnu narzuquhum wa iyyakum. Mwenye kuhifadhi kwa ulimi peke yake huanza An'am akajikuta anamalizia Israa, wala hajui kama amehama. Mwenye kufahamu ana pa kushikilia. Aya ya kwanza inasema na wazazi ambao ufukara umekwisha kuwafika, basi wanahakikishiwa riziki wao kwanza, kisha watoto: tunakuruzukuni ninyi na wao. Ya pili inasema na wanaouogopa ufukara kabla haujafika, wakidhani mtoto ndiye atakayeuleta, basi riziki ya mtoto imetangulizwa: tunawaruzuku wao na ninyi. Mkimfundisha mtoto tofauti hiyo kwa dakika tano, mara nyingi hatazichanganya tena. Abu Abdirrahman as-Sulami amesimulia kwamba waliowasomesha Qur'ani katika Masahaba walikuwa wakijifunza aya 10, wala hawazivuki mpaka wajue yaliyomo ndani yake ya elimu na amali.

Makosa mengi ya kupima yanatoka kwa msikilizaji. Mtoto akisita, mwalimu mwenye huruma humtupia herufi ya kwanza ya neno, mtoto akadaka, na darasa zima likaamini kuwa anajua. Mwingine hutikisa kichwa kwa kukubali, na mtoto anasoma uso wa ustadhi badala ya kifua chake. Baya kuliko yote ni kuitikia kwa pamoja: watoto 40 wanasoma sura kwa sauti moja, wanaojua wakiwa 6, na 34 wanawafuata kwa nusu sekunde nyuma. Kusoma pamoja kunafaa wakati wa kujifunza, hakufai hata kidogo wakati wa kupima. Mwite mmoja mmoja. Akisita, nyamaza. Akijisahihisha mwenyewe, mhesabie kuwa anajua, tena pengine kuliko yule asiyesita, maana amelisikia kosa lake. Akihitaji kukumbushwa neno, weka alama pale, umrudie kesho kutwa bila kumtangazia.

Na asiyeulizwa tena husahau. Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba Qur'ani huchomoka upesi kuliko ngamia katika kamba zao, na yeye mwenyewe Jibril alikuwa akipitia naye Qur'ani kila Ramadhani, na mwaka wa kufariki kwake wakaipitia mara mbili. Ikiwa Mtume (s.a.w.) alipitishiwa, khitma ya mtoto wako, yaani kuimaliza kwake Qur'ani, ya miaka mitatu iliyopita haiwezi kuwa ushahidi wa leo.

Kwa watu wazima mambo ni magumu zaidi, kwa sababu tunapima kwa kilemba, kwa sauti, kwa wingi wa wanaomtazama kwenye simu. Ijaza, yaani idhini ya shekhe kwa mwanafunzi wake kusomesha alichokipokea, ni jambo jema, lakini isomeni imeandika nini. Ijaza ya mtu aliyesoma Qur'ani yote mbele ya shekhe wake, herufi kwa herufi, si sawa na ijaza inayotolewa kwa baraka kwa waliohudhuria kikao. Na ijaza ya qiraa, yaani ya usomaji wa Qur'ani, haimfanyi mtu kuwa mjuzi wa talaka au mirathi.

Chukueni mirathi kwa mfano, mahali ambapo familia zinagombana kwa fatwa ya haraka. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama na baba. Hana mtoto wala ndugu. Aliyekariri atajibu mbiombio: mume nusu, mama theluthi, baba kilichobaki. Katika shilingi 6,000,000, mama atapata 2,000,000 na baba 1,000,000. Lakini hii ni mojawapo ya mas'ala mawili mashuhuri ya Sayyidna Umar (r.a.), na wanavyuoni walio wengi wamemfuata: mama anapewa theluthi ya kilichobaki baada ya fungu la mume. Mume 3,000,000, mama 1,000,000, baba 2,000,000. Mjuzi wa kweli hataishia hapo. Atakwambia pia kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikhitalifu, akampa mama theluthi kamili kwa kushika dhahiri ya aya ya 11 ya Suratun Nisaa. Anajua jibu, anajua lilikotoka, anajua nani alilipinga na kwa hoja gani. Mkipata shekhe wa namna hii mtaani kwenu, mshikeni.

Alama nyingine ya kumjua ni jinsi anavyofanya anapofika kwenye mpaka wa elimu yake. Imesimuliwa kwamba Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria, aliulizwa maswali 48, na kwa 32 kati ya hayo akajibu: sijui. Huyu ndiye Imamu wa Madina. Malaika nao, walipotakiwa kutaja majina wasiyofundishwa, walisema: Umetakasika, hatuna elimu ila uliyotufundisha (2:32). Msikilize shekhe wako mwaka mzima. Kama hujawahi kumsikia akisema sijui, au ngoja nikaangalie, uwe na hadhari naye.

Mpaka hapa ni rahisi kuwaelekezea wengine kidole. Basi turudi kwenye kitu ambacho kila mmoja wetu anadai kukijua.

Suratul Fatiha ina aya 7. Katika swala tano za faradhi tuna rakaa 17, na Mtume (s.a.w.) amesema hana swala asiyesoma Fatiha. Waliosoma Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi, chuoni wanakumbuka kwamba shadda zake, yaani mahali pa kukaza herufi, ni 14, zimehesabiwa moja moja: tatu katika bismillahi (lamu ya Allah, ra ya Rahman, ra ya Rahim), moja katika lillahi, moja katika Rabbi, mbili katika Ar-Rahmani r-Rahim, moja katika daal ya yaumi d-din, mbili katika iyyaka na wa iyyaka, moja katika saad ya as-sirata, moja katika lamu ya alladhina, na mbili katika waladh-dhallin. Kwa madhehebu ya Shafi, anayeacha shadda moja hajalisoma neno lile, na analazimika kulirudia.

Zinazopotea zaidi huku kwetu ni za iyyaka. Ulimi unateleza ukasema iyaka, na hilo ni neno jingine kabisa, la mwanga wa jua. Baada yake ni an'amta: mtu akisema an'amtu, amegeuza maana ikawa ni yeye aliyeneemesha. Kisha haa ya alhamdu inayosomwa kama he ya Kiswahili. Na kaaf inayokaa mahali pa qaaf: Qul huwallahu ahad ni amri ya kusema, na kul ni amri ya kula.

Sasa jiulize: Fatiha yako, nani amekusikiliza? Si ulipokuwa na miaka saba, ni lini karibuni? Maana mtu hasikii kosa lake mwenyewe. Sikio limekua pamoja na ulimi. Yule bwana aliyeswali msikitini mbele ya Mtume (s.a.w.) aliambiwa mara tatu: rudi ukaswali, kwani hukuswali. Hakukasirika wala hakuondoka. Alisema: siwezi vizuri zaidi ya hivi, nifundishe. Akafundishwa hatua kwa hatua, na leo umma wote unajua utulivu wa rukuu na sujudi kwa sababu yeye alikubali kutazamwa.

Wiki hii mtafute anayejua, mwanamume kwa ustadhi, mwanamke kwa ustadha au mwenzake aliyesoma. Mwombe dakika kumi baada ya Alasiri. Usimwambie "nisikilize kidogo". Mwambie "nisimamishe kila herufi". Soma polepole, aya kwa aya, ukisimama kila mwisho wa aya. Akikusahihisha, rudia neno lile mara tatu peke yake, kisha aya nzima, kisha sura nzima. Rudi kwake wiki inayofuata, kwa sababu ulimi wa miaka 40 haunyooki kwa siku moja. Na wazee wanaoona haya kusikilizwa na kijana aliye sawa na mjukuu wao wakumbuke hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim: aliye hodari wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kubabaika, nayo ikimwia nzito, ana ujira mara mbili.