Nilivyoandika hesabu kivuli ya fedha za CSR za mgodi

Ripoti nyingi za wajibu wa kampuni kwa jamii (CSR) huandikwa na kampuni yenyewe: ndiyo inayochagua miradi ya kutaja, picha za kuweka na namna ya kuhesabu mafanikio. Nilipofanya tasnifu ya shahada ya uzamili ya uhasibu kuhusu fedha za CSR za mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa, Tanzania, nilitaka kujua hesabu hiyo ingesomekaje kama wangeiandika wanakijiji.

Njia niliipata kwa Rob Gray, msomi wa uhasibu wa Uingereza aliyeanzisha CSEAR, kituo cha utafiti wa uhasibu wa kijamii na mazingira, Chuo Kikuu cha Dundee mwaka 1991. Yeye na wenzake walipendekeza hesabu kivuli: unachukua madai ya kampuni, unayapanga kando ya taarifa kutoka kwa watu wengine, kisha unaiacha tofauti ionekane. Kazi iko kwenye kuzipata hizo taarifa.

Hapo sheria ilinisaidia sana. Kufuatia marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa CSR unaokubaliwa na halmashauri. Halmashauri nayo inatakiwa kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi ya maeneo yao. Kwa hiyo sikwenda kuomba hisani. Nikiwa na barua ya chuo na kibali cha mkoa, niliomba mpango, kumbukumbu za vikao vya madiwani, hati za makabidhiano na jedwali la gharama. Hili la mwisho lilichelewa kuliko yote, nalo ndilo lililonifaa kuliko yote.

Vijijini nilikwepa dodoso la kuuliza watu kama wameridhika. Aliyechota maji mbali kwa miaka mingi akichimbiwa kisima atasema asante, na ana haki ya kusema hivyo, ila asante haiingii kwenye leja. Niliomba tuzungukie miradi yote pamoja na mwenyekiti, mwalimu na wanakamati ya maji. Kila tulipofika niliuliza: kililetwa nini, lini, nani alipokea, kinafanya kazi? Mbele ya zahanati iliyoandikwa "imekamilika", mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, jengo tunalo. Muuguzi ndiye hatuna."

Nilipokaa na karatasi zote, jambo la kwanza lilikuwa idadi ya wanufaika. Wakazi wa kata ileile walihesabiwa kwenye maji, wakahesabiwa tena kwenye zahanati na tena kwenye madarasa, kisha wote wakajumlishwa, hivyo mkazi mmoja akawa wanufaika watatu. Bei za saruji na bati nazo zilikuwa za mzabuni, juu ya zile nilizokuta madukani.

Lakini lililoniuma ni yale yasiyokuwamo kabisa. Familia zilizohamishwa na wachimbaji wadogo waliopoteza maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia, hawakuwa na hata mstari mmoja. Kampuni ikileta hesabu za fedha zenye mapato matupu bila matumizi, hakuna mkaguzi atakayezisaini. Kwa nini tunazipokea hesabu za jamii zenye faida tupu?

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kila baada ya miezi mitatu husomewa mapato na matumizi. Nilimwomba mwenyekiti nafasi nisome jedwali langu hapo, kabla halijafika kwa msimamizi wangu chuoni. Watu waliongeza mistari niliyokuwa sijaifikiria: njia ya mifugo iliyofungwa, makaburi yaliyobaki ndani ya uzio. Yote niliiingiza kwenye tasnifu kama walivyoisema. Kisha wakaazimia kwamba mpango wa mwaka unaofuata ubandikwe ofisi ya kijiji, ukiwa na bei zake, kabla diwani hajaupigia kura.