Kufuli la usukani: kagua usukani wenyewe kabla ya kukagua nondo

Mtu akishika dukani kufuli la usukani, yaani nondo yenye ndoano inayofungwa kwenye usukani ili usizunguke, kitu cha kwanza anachofanya ni kulipima uzito mkononi. Likiwa zito anaridhika. Nondo nene, chuma kigumu, rangi ya manjano inayoonekana kutoka mbali, basi analipa na kuondoka. Lakini mwizi anayeijua kazi yake hahangaiki na ile nondo. Anakata usukani.

Tazama usukani uliochanika ngozi uone ulivyo ndani. Juu kuna ngozi au plastiki, chini yake sponji ngumu, na katikati kabisa ndipo ulipo mfupa wake. Magari mengi ya siku hizi yana mfupa wa aloi ya magnesiamu au alumini, tena umefanywa mwepesi na wa kupindika makusudi, ili kifua cha dereva kikiugonga kwenye ajali usukani ukubali kujikunja. Magari ya zamani huwa na bomba au nondo nyembamba ya chuma, ambayo inachosha mkono kidogo zaidi, lakini nayo inakatika. Msumeno mdogo wa mkono ukipita mahali pamoja, mduara wa usukani unapindwa pembeni, ndoano inachomoka, na kufuli linatoka zima likiwa bado limefungwa. Usukani uliokatwa sehemu moja bado unaweza kuendesha gari.

Je, kufuli hilo ni bure? Hapana. Linamlazimisha mwizi aje na msumeno, akae ndani ya gari akikata kwa nafasi finyu, apige kelele, na aondoke na gari lenye usukani mbovu. Wengi wakichungulia dirishani na kuliona wanaenda kwenye gari linalofuata. Ninachosisitiza ni kwamba ununue na kulifunga ukijua litashambuliwa wapi, maana makosa karibu yote ninayoyaona yanatokana na kuangalia nondo na kuusahau mduara.

Kuna sababu nyingine ya kulithamini chuma hili ambalo wengi walidhani limepitwa na wakati. Gari lenye ufunguo wa rimoti usiochomekwa linaweza kudanganywa: mmoja anasimama karibu na nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulioachwa ndani, mwenzake yuko mlangoni mwa gari na kifaa cha pili, gari linaamini ufunguo upo hapo, linafunguka na kuwaka. Wengine wanaingia kwenye nyaya za mawasiliano ya gari kwa kupitia taa ya mbele. Hakuna hata mmoja kati ya ujanja huo unaofungua chuma. Kule Marekani, wizi wa baadhi ya magari ya Hyundai na Kia ya kuwasha kwa ufunguo, yaliyouzwa bila imobilaiza (kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi), ulipopamba moto mwaka 2022 kwa sababu ya video zilizosambaa mtandaoni, kampuni hizo zenyewe ziligawa makufuli ya usukani bure kupitia vituo vya polisi, kisha mwaka 2023 zikaleta marekebisho ya programu.

Usilichanganye kufuli hili na lile la ndani ambalo gari huja nalo. Ukitoa ufunguo na kuzungusha usukani kidogo unasikia "ta!", usukani unagoma. Hiyo ni pini inayosukumwa na springi kuingia kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti ya usukani. Kampuni ya General Motors iliihamishia swichi ya ufunguo kwenye nguzo ya usukani, ikaiunganisha na pini hiyo, katika magari yake ya 1969, na tangu tarehe 1 Januari 1970 kanuni ya Marekani ikataka kwamba ufunguo ukitolewa, usukani ugome au gari lenyewe lisiweze kwenda. Pini hiyo ni nzuri, lakini ni moja na ni ndogo. Mtu mwenye nguvu akiuvuta usukani kwa kishindo, au akiutia mtaimbo kupata wenzo, pini inavunjika.

Na hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote. Kufuli linalotumika sana ni nondo yenye ndoano mbili zinazotazamana na mduara kutoka ndani, moja huku na moja kule, na mkia mrefu unaotokeza nje. Mwenye gari anazima injini, anatoa ufunguo, anafunga nondo, anajaribu kuzungusha usukani. Umegoma! Anaondoka na furaha. Kumbe kilichogoma ni pini ya ndani, na nondo haijafanya kazi yoyote.

Jaribu hivi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini imezimwa, weka ufunguo hatua ya kwanza ili pini ya ndani iachie. Sasa funga nondo. Zungusha usukani polepole kulia mpaka mkia uguse kitu, kisha kushoto. Fanya taratibu, maana mkia ukikivamia kioo cha mbele kitapasuka. Unachotafuta ni usukani ukwame kabla ya robo mzunguko kila upande, kwa mkia kugonga dashibodi, nguzo ya kioo, mlango au kiti. Ukifika nusu mzunguko na mkia bado unaelea hewani, umevaa pambo. Sogeza nondo sehemu nyingine ya mduara ujaribu tena. Kwenye gari lenye dashibodi iliyo chini sana au usukani uliosimama mbali na kioo, nondo fupi haitagusa kitu popote utakapoiweka. Hapo unahitaji ndefu zaidi au aina nyingine. Ukishapata mahali sahihi, kariri zinapokaa ndoano ukilinganisha na mikono ya usukani, ili kila siku uweke palepale.

Ndoano zikae zikigusana na ile mikono inayounganisha mduara na kitovu, kila moja upande wake. Pale mfupa huwa mnene zaidi, na mwizi akikata mduara, mkono wa usukani unaizuia ndoano isiteleze kirahisi. Ndoano ikikaa katikati ya sehemu tupu ya mduara, umemrahisishia. Vuta nondo mpaka meno yake yakabe. Kati ya ndoano na mduara isipite hata ncha ya kidole kidogo. Nafasi ikibaki, mtu anapata pa kuingizia mtaimbo. Tundu la ufunguo lielekee dashibodi, lisielekee kiti cha dereva. Wewe utasumbuka kidogo kuinama, lakini mwenye drili au bisibisi atasumbuka zaidi kwa kuwa hana nafasi ya kunyoosha mkono.

Kabla ya kutoa ufunguo wa gari, zungusha usukani mpaka matairi ya mbele yageuke kabisa upande mmoja. Pini ya ndani ikiingia hapo, mwizi ana mambo mawili ya kuvunja, na gari lenye matairi yaliyogeuzwa hivyo halivutwi moja kwa moja kutoka lilipoegeshwa.

Anayeegesha nje usiku kucha ningemwambia aache nondo anunue ngao ya duara. Ni sahani mbili za chuma zilizounganishwa kwa bawaba, zinazofunga usukani mzima kama chaza. Mduara wote unapotea ndani, kwa hiyo msumeno hauna pa kugusa, na eabegi (mfuko wa hewa ulio katikati ya usukani) nayo inajificha, jambo muhimu kwa kuwa kuna wezi wanaokuja kuiba eabegi tu. Nyingine zimeundwa zizunguke zenyewe juu ya usukani mtu akijaribu kuzishika na kuzitumia kama wenzo.

Shida ya ngao ni kipimo. Pima usukani kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, mara mbili: mlalo na wima. Sukani nyingi za magari madogo zina sentimita 35 hadi 40, lakini zile zilizokatwa chini zikawa bapa zina kipimo kifupi wima, na anayepima upande mmoja tu huishia kununua isiyomfaa. Chagua kwa kipimo kikubwa. Ikiwa ndogo haitafunga, na ukiilazimisha utavunja kijiti cha indiketa au vitufe vya gia vilivyo nyuma ya usukani. Ikiwa kubwa inacheza, na kitu kinachocheza kinachokonoleka. Tena ni nzito, kilo kadhaa, na asiye na mahali pa kuiweka atachoka nayo wiki ya pili aanze kuiacha kwenye buti. Kufuli lililolala kwenye buti halizuii mtu. Kama unajijua, nunua jepesi utakalolifunga kila siku.

Aina ya tatu ina ndoano moja kwenye pedali ya breki na nyingine kwenye usukani. Kwa gari la otomatiki ina maana sana, kwa sababu mengi ya hayo hayatoki kwenye P mpaka breki ikanyagwe, na yale ya kitufe hayawaki bila breki. Kwa gari la gia za mkono, ishike klachi. Hapa angalia mkono wa pedali: kwenye magari mengine ni bapa jembamba linalopinda. Na ukikata mduara, upande wa juu unaachia kama kawaida. Ndiyo maana napendelea zaidi kufuli la pedali linalojitegemea kabisa, lisiloushika usukani, na nondo ya usukani iwe juu ikionekana. Mwizi anaona moja, anakutana na mawili.

Kitasa chenyewe watu hawakiulizi. Chungulia ufunguo. Ule bapa wenye mikato mikubwa michache upande mmoja, mfano wa ufunguo wa droo, kitasa chake mara nyingi hufunguka kwa bisibisi iliyopigwa nyundo. Ule wa bomba la mviringo unaonekana wa kitaalamu, lakini kumbuka mwaka 2004, watu walipoonyesha kwamba makufuli ya baiskeli ya aina hiyo yanaweza kufunguliwa kwa bomba la plastiki la kalamu. Ulio bora ni ufunguo bapa wenye vishimo vilivyotobolewa pande zote mbili. Ukiona alama ya Sold Secure, shirika la Uingereza linalopima makufuli, ujue kufuli limepelekwa kwa watu wakajaribu kulivunja kwa zana, na daraja la juu maana yake lilihimili mashambulizi makali zaidi. Maneno "chuma kigumu" yaliyochapwa kwenye boksi hayajapimwa na mtu.

Ufunguo ukigoma, usiulazimishe. Kwa kawaida kinachogoma ni nondo iliyovutwa sana: jino la springi limekabwa na mzigo haliwezi kurudi. Sukuma nondo kwa ndani kwa mkono mmoja, iwe kama unaifupisha, kisha zungusha ufunguo taratibu kwa mkono wa pili. Utasikia inaachia. Anayezungusha huku nondo imekaza ndiye anayeukatia ufunguo ndani. Ufunguo wa gari nao ukigoma baada ya usukani kujifunga dawa ni ileile: tikisa usukani kidogo kushoto na kulia kuondoa mzigo kwenye pini, huku unazungusha ufunguo.

Vumbi ndilo adui wa kitasa. Weka kidogo unga wa grafaiti, ule mweusi mkavu wa kulainishia vitasa, chomeka na kuchomoa ufunguo mara kumi, futa uliozidi. Usitie oili ya injini. Inashika vumbi na baada ya miezi michache kitasa kinajaa matope meusi. Wala usichanganye grafaiti na oili, vinageuka uji. Meno ya nondo yapige brashi kavu, na mara kwa mara kagua kama yamelika: meno yakilika pembe zake, nondo inaweza kuruka jino ikivutwa kwa nguvu.

Usiruhusu nondo iiegemee eabegi. Kifuniko cha katikati si mahali pa kupumzishia chuma, na honi itakayolia usiku ni dalili kwamba umeweka vibaya. Mpira wa ndoano ukichanika badilisha au vingirisha kitambaa, kwa sababu chuma kitupu kinachuna ngozi, na jua kali linalainisha mpira wa bei rahisi mpaka uache rangi kwenye usukani.

Ukiwa barabarani, kufuli lisikae chini ya kiti cha dereva. Ukifunga breki ghafla linateleza mbele na kuingia chini ya pedali, na hapo gari halisimami. Wala lisitupwe kwenye kiti cha abiria, maana kwenye mgongano chuma hicho kinaruka. Mahali pake ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, lilazwe kwa upana wa gari, au kwenye buti likiwa limefungwa mkanda.

Funguo huja mbili au tatu, na namba imechongwa kwenye ufunguo au kwenye kipande cha chuma kinachoandamana nazo. Nakili namba hiyo uiweke nyumbani pamoja na ufunguo wa akiba, na kile kipande kisining'inie kwenye mnyororo wa funguo za gari. Ukizipoteza zote, usimruhusu mtu apige grenda ndani ya gari. Cheche zinaunguza viti na kuacha madoa kwenye kioo, na kazi inafanyika sentimita chache kutoka kwenye eabegi. Mwite fundi wa vitasa, mwonyeshe kadi ya gari, atoboe kitasa peke yake.