Lishe ya mgonjwa wa saratani isingoje akonde

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki kuliko katika sehemu nyingi za dunia, na ndiyo iliyonifundisha mimi, afisa lishe, kwamba chakula cha mgonjwa hakiwezi kuachiwa jikoni wakati madaktari wakishughulikia uvimbe. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali au nyama, akahamia kwenye wali laini, kisha kwenye uji, na wengi hufika hospitali wakati hata mate yanapita kwa shida. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6, bila mtu kukusudia, kunatosha kuwafanya wataalamu washuku kudhoofika kunakoletwa na saratani yenyewe. Huko si njaa ya kawaida, kwa sababu ugonjwa huchochea mwilini kemikali zinazoondoa hamu ya kula na kuyeyusha misuli, hata mtu akakonda ilhali anakula. Kumwambia kwamba anadeka ni kumwonea.

Lawama yangu ni kuhusu wakati. Katika hospitali moja niliyopata kufanya kazi, nilikuwa nikiitwa wodini baada ya dozi ya dawa kuahirishwa kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kuihimili, ilhali uzito wake ungepimwa na kuandikwa siku ile alipogunduliwa, tungeanza kazi mapema.

Ndugu nao mara nyingi hutulizwa na dripu. Lita moja ya maji ya glukosi ya asilimia 5 haifikishi kilokalori 200, wakati mgonjwa wa kilo 60 anahitaji takriban kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, pamoja na protini isiyopungua gramu 60 na ikiwezekana hadi gramu 90. Dripu hiyo inampa maji, haimlishi.

Kwa anayeweza kumeza vitu laini, nina imani kubwa na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Uji ukipikwa mzito kwa unga mwingi, ukaachwa upoe kiasi na kukorogewa kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, hulegea na kunyweka bila kuongezwa maji, kisha hurudishwa motoni uchemke tena. Hapo kikombe kilekile hubeba chakula kingi zaidi ya uji mwepesi tuliozoea kuwapa wagonjwa. Kiongezwe maziwa, karanga zilizosagwa laini au mafuta kidogo, naye anywe mara nyingi kwa siku badala ya kulazimishwa bakuli zima. Mwenye vidonda mdomoni kutokana na mionzi au dawa aepushwe pilipili, ndimu na vitu vya moto.

Umio ukiziba kabisa, kuna mrija wa chuma unaotanuka ndani yake na kufungua njia, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imejulikana nayo kwa miaka mingi. Kuna pia mpira wa kulishia unaopitishwa puani au moja kwa moja tumboni. Familia nyingi huuogopa mpira huo zikidhani ni dalili ya kukata tamaa, ingawa mara nyingi ndio unaomwezesha mgonjwa kumaliza matibabu. Tahadhari ni kwamba aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila chakula asishindiliwe ghafla: siku 2 za mwanzo hupewa si zaidi ya nusu ya mahitaji yake, huku madini ya damu yakipimwa, kwa kuwa potasiamu na fosfeti huweza kushuka hadi kuhatarisha moyo.

Juisi ya stafeli inayosifiwa kila kona sina ugomvi nayo kama tunda, ila haijathibitishwa kumponya mtu saratani, na tumbo dogo likijazwa juisi hiyo mayai na maziwa hukosa nafasi. Kumnyima sukari kabisa ili uvimbe “ufe njaa” nako humkondesha yeye kwanza.

Matibabu yanapokuwa hayawezi tena kuuzuia ugonjwa, hesabu hizi huachwa na mgonjwa hupewa anachokitamani, kwa kiasi anachotaka. Hapo kazi yangu kubwa ni kuwaeleza ndugu kwamba kutokula kwake kunatokana na ugonjwa, si uzembe wao, na mazungumzo hayo, yanayochukua muda mrefu kuliko upimaji wowote, yanastahili kuandikwa kwenye faili kama huduma nyingine.